Kitana Kilichotoa Jasho

Kwa miaka mingi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba plastiki inatengenezwa kwa mafuta ya kiboko.

Msicheke bado, vijana. Habari hiyo sikuiokota njiani. Niliipata Malaba kwa Ekisa, taniboi, yaani msaidizi wa madereva wa malori, mtu aliyekuwa ameenda Mombasa na kurudi mara nyingi kuliko upepo wenyewe. Alisema mapipa yanayotoka Uganda kuelekea pwani yamejaa mafuta ya viboko, na viboko wa kule wakipungua, watu wanateremka Budalang'i kutafuta wengine. Huko pwani kuna sufuria kubwa kama uwanja wa mpira. Mafuta yanapikwa, yanatiwa rangi, yanakuwa beseni. Nilipotaka ushahidi, alinihoji kama wakili. Beseni linaelea majini? Linaelea. Na kiboko je? Ukilisogeza karibu na moto linafanya nini? Linayeyuka. Na mafuta je? Nikaamini. Kiboko dume aliyezeeka, alisema, ndiye anayetoa mitungi ya maji. Jike anatoa mabeseni. Ndama wake anatoa vikombe na vitana, kwa sababu mafuta yake bado ni laini.

Mimi mwenye elimu hiyo ndimi niliyeajiriwa kutunza plastiki za makumbusho.

Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya ukumbi wa mikutano pale Busia mjini, chenye paa la mabati na joto la kuokea mkate. Ilikuwa miaka ya sabini. Mkuu wangu alikuwa Mwalimu Imelda, mama wa Adungosi aliyefundisha sayansi sekondari kabla ya kuombwa asimamie mkusanyo ule. Mimi nilikuwa nimetoka tu kuhitimu masomo ya jioni ya watu wazima, ya ngumbaru, cheti kikiwa bado na joto la mkono wa mgeni rasmi, na nilikuwa natembea mjini kama profesa aliyepotezewa gari lake.

Watu walitarajia tuweke ngoma na mikuki. Tuliweka. Lakini Mwalimu alikuwa na ugonjwa mwingine. Alikuwa anasimama sokoni karibu na mpaka, anaangalia akina mama ambao jana walivuka na vibuyu, leo wanavuka na mitungi ya plastiki ya rangi ya manjano, na macho yanamtoka kama anayeona mwezi ukishuka. Aliniambia kwamba kibuyu kila mtu ameshajua ni cha zamani na atakihifadhi, ila huu mtungi utapita mikononi mwetu sote na hakuna atakayeukumbuka. Basi tukaanza kukusanya: majagi mekundu, viatu vya plastiki, redio, rozari, midoli, makoti ya mvua. Mji ulitucheka mpaka ukachoka. Walituita nyumba ya mabeseni. Mama mmoja aliingia na kikapu chake, akazunguka chumba chote kwa adabu, kisha akauliza bei.

Jambo la kwanza mnalopaswa kujua, nyinyi mnaoingia kazi hii, ni kwamba plastiki inakufa. Sisi hatukujua. Chuma kina kutu, mti una mchwa, ngozi ina panya, lakini plastiki tulidhani itakuwepo mpaka parapanda ipigwe. Mimi nimeiona ikizeeka. Nimeiona ikijikunja, ikipasuka, ikilia machozi, ikinuka, na kila mara nilisimama pale nimeachama kama mtoto anayeona sinema kwa mara ya kwanza. Ni kitu kilichozaliwa juzi, na kinatangulia kufa mbele ya kiti cha babu yangu.

Chukueni lile koti la mvua. Lilitoka kwa mzee mmoja aliyestaafu forodha, koti jeusi laini, linateleza kama kambare. Nililikunja vizuri, nikalifunga kwa magazeti, maana kwetu kila kitu kilifungwa kwa gazeti, kuanzia nyama hadi cheti cha ubatizo. Mvua ndefu zikaja, zikaisha. Nilipolifungua, koti lilikuwa linanata kama limepakwa asali, na gazeti lilikuwa limehamia mgongoni. Siwatanii. Matokeo ya mpira yalikuwepo, na ukurasa wa matangazo ya vifo, na picha ya mzee mmoja aliyefunga tai, maandishi yote yakisomeka kinyumenyume. Nilimwita Mwalimu nikamwambia koti letu limejifunza kusoma.

Hakucheka. Aliligusa kwa ncha ya kidole, akanieleza kwamba plastiki laini kama ile ina mafuta ndani yake, yaliyotiwa ili isikakamae, na mafuta hayo hutoka nje polepole na kuvuta wino. Niliposikia neno mafuta, roho yangu ilitulia tuli. Mafuta gani? Sikuuliza. Kwa nini niulize kitu ninachokijua?

Koti hilo lipo mpaka leo na mzee wake wa tai mgongoni, na wageni humuulizia ni nani. Nyinyi jifunzeni hapo. Plastiki laini usiifunge kwa gazeti, usiilaze juu ya plastiki nyingine, usiikunje. Ijaze karatasi nyeupe isiyo na maandishi na uiache ipumue. Ukiona inanata usiipake poda, utapata uji. Na kabla hujasafisha chochote, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Mimi niliwahi kumsafisha mdoli uso kwa mafuta ya taa kwa bidii ya mtu anayetaka kupandishwa cheo. Nilipomaliza hakuwa na macho. Alibaki na tabasamu tu, na lile tabasamu lisilo na macho lilinifuata nyumbani kwa wiki nzima.

Tumieni pua pia. Plastiki inaongea kwa harufu kabla haijaongea kwa ufa. Nyingine hunuka siki. Nyingine hunuka kali, inakukwaruza koo. Na nyingine hunuka kafuri, na hapo ndipo nataka kuwafikisha.

Mama Rukia alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa na nafaka mjini, na ukoo wake ulitoka pwani zamani. Bibi yake alikuja na kitana kipana cha kuchomeka kwenye nywele, rangi ya asali yenye madoa meusi kama gamba la kobe. Kila msichana wa ukoo ule alikivaa siku ya harusi. Siku zile za magendo maduka yalikuwa yanavunjwa ovyo, kwa hiyo Mama Rukia akatuletea kitana tukitunze, kwa sharti moja. Alinishika mkono akasema, "Zena wangu ndiye wa mwisho. Siku atakapoolewa, kitana hiki kinatoka hapa na kwenda kichwani mwake. Umenisikia, mwanangu?"

Nilisikia. Na nilijua ni cha ndama. Mafuta ya ndama hukauka haraka, yanataka kulishwa. Basi nikakipaka samli, safi, ya kununua kwa mshahara wangu, nikakizungushia karatasi ya nailoni, nikakilaza ndani ya mkebe wa biskuti, nikaweka na rozari moja ya mnyororo ili kisihisi upweke, nikaziba mkebe kwa gundi ya karatasi pande zote, nikaupandisha juu ya kabati, karibu kabisa na mabati ya paa, mahali penye joto. Kila baada ya muda niliongeza samli. Hakuna ndama wa kiboko aliyelelewa vile tangu dunia iumbwe.

Halafu Zena akaposwa. Harusi ilipangwa baada ya Idi, na Mama Rukia akaja kukiangalia kitana chake. Mwalimu alikuwepo. Niliuleta mkebe kwa mikono miwili kama mtu anayeleta keki, nikaufungua.

Harufu ilitoka kwanza, kali, ya kukwaruza, na nyuma yake harufu nyingine tamu na baridi. Mkebe ulikuwa mwekundu kwa kutu ndani. Mnyororo wa rozari umekuwa kijani. Na kitana, vijana, kitana kilikuwa kinatoa jasho. Matone ya kahawia yamesimama juu yake kama kwenye paji la mtu mwenye homa, na meno yake mawili yamelala pembeni.

Mama Rukia alitazama mkebe, akanitazama mimi.

"Wabwire," akasema polepole, "nilikuletea kitana ama nilikuletea samaki?"

Kisha ile harufu tamu ikamfikia, akarudi nyuma. Alikuwa mmoja wa akina mama wanaoosha maiti mjini, na kafuri aliijua. Alisema mwanawe hataolewa na harufu ya sanda kichwani. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba kafuri haikuingizwa na mtu yeyote wa hapa, kitana kilizaliwa nayo, ilitiwa kiwandani ili kisivunjike, na tangu hapo imekuwa ikikitoka kidogo kidogo. "Mama," akasema, "unachonusa ndicho kitana chenyewe. Kinaondoka."

Sijasahau maneno hayo. Niliona kana kwamba kile kitu kilikuwa kinapumua.

Kesho yake Mwalimu aliniita nyuma ya chumba. Alikuwa amekaa na wazo moja tangu jana na alitaka kulihakikisha. Alikata kipande cha lile jino lililoanguka, kidogo kuliko punje ya mchele, akakiweka juu ya jiwe, akaniambia nisimame mbali, akasogeza kiberiti. Hakikuungua kama kitu kinavyoungua. Kiliruka. Mwali mweupe ukasimama juu ya jiwe kwa sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa mshtuko, ukatoweka, na hapakubaki hata majivu. Jiwe lilikuwa safi. Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa anatarajia, alijikuta ameshika kifua.

"Na wewe ulikiweka chini ya mabati," akasema.

Lakini akili yangu ilikuwa tayari iko nyumbani kwa Mama Rukia. Mwalimu alikuwa wa kabila la Wateso, mtu wa kanisani, harusi za Waislamu hakuwa ameziona kwa ndani. Mimi nilikulia jirani nao. Nikamweleza kwamba bibi harusi hufukizwa udi. Wanaleta chetezo chenye makaa mekundu, anakaa, wanamfunika kanga, na nywele zinatandazwa juu ya moshi mpaka zinukie. Kichwa kiko karibu na makaa kama mkono na sahani. Nilimwona Mwalimu akibadilika rangi.

Tulikwenda dukani kwa Mama Rukia kumwambia kitana hakiwezi kutoka. Hilo lilikuwa kosa la pili, kumwambia mama wa pwani mbele ya maharagwe yake kwamba kitu chake hakiwezi kutoka.

"Mama yangu alikivaa," akasema. "Mimi nilikivaa. Dada zake Zena wamekivaa. Nani aliungua?"

"Kilikuwa kizima, mama. Sasa ni kigonjwa."

"Na ni nani aliyekitia ugonjwa?"

Wote wawili walinigeukia. Mimi nilikuwa nasoma bei ya maharagwe kwa makini sana.

Akaendelea kwamba Zena hana baba, hana mahari ya kujivunia, hana dhahabu. Ana hicho tu. Akiingia kwa watu bila kitana, wifi zake watasema kwamba kwao alikuwa wa mwisho hata kwa mapenzi. Mwalimu hakubishana naye. Aliomba ruhusa twende uani, akatoa kipande cha jino la pili, akakiweka juu ya jiwe la kufulia, akakiwasha.

Mama Rukia alikaa kwenye ngazi ya mlango. Alilitazama lile jiwe tupu. Aliposema, hakuwa anaongea na sisi.

"Bibi alikuwa mkali siku ya harusi. Chetezo kilitolewa kwanza. Si nje ya chumba, nje ya ua. Mpaka arudi aliyekipeleka aseme kimekwenda, ndiyo kitana kiletwe. Tulidhani ni mbwembwe zake za pwani." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Harusi hizi za juzi tuliharakisha tu. Mungu alituangalia."

Kisha akainua kichwa, akamwambia Mwalimu kwamba kitavaliwa, na kitavaliwa kama bibi alivyotaka. Mwalimu alifikiria sana. Sheria ya kazi yetu ingemruhusu kukataa, na alinieleza baadaye kwamba alikaribia. Akatoa sharti lake: kitana kikiacha jasho kabla ya siku hiyo, Zena atakivaa kwa muda mfupi. Kisipoacha, kitabebwa kwenye sinia, watu wakione tu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo pana kazi. Samli iliondolewa kwa kitambaa laini, kugusa tu, bila kusugua, bila maji, bila spiriti. Nailoni ilitupwa. Mkebe ulitupwa. Kitu cha namna hii ukikifungia, mvuke wake wenyewe unakaa ndani na kukila, na kadiri unavyokila ndivyo unavyozidi. Kinataka baridi, kivuli, ukavu na hewa inayopita, na kikae peke yake mbali na kila chuma. Chumba chetu hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mwalimu alikuwa navyo vyote nyumbani kwao Adungosi. Ghala la nafaka. Limeinuliwa kwa nguzo, kuta zimesukwa kwa fito, paa la nyasi, upepo unaingia huku na kutokea kule, na liko mbali na jikoni. Babu zake walilijenga kwa ajili ya wimbi na mtama, na hakuna chumba cha makumbusho nilichowahi kuona chenye akili kama lile ghala.

Kitana kikalazwa ndani ya kikapu kilicho wazi, juu ya karatasi ya kukausha wino. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha karatasi. Niliendesha baiskeli kutoka Busia hadi Adungosi mpaka baiskeli ikawa inajua njia, mimi nikiwa juu yake nimelala. Karatasi za kwanza zilitoka kahawia kama chai ya rangi. Zilizofuata zilikuwa na madoa. Halafu nukta. Kila nilipopanda ile ngazi moyo ulikuwa unagonga kama wa mtu anayekwenda kutazama mgonjwa wodini. Na asubuhi moja niliinua kitana, na karatasi chini yake ilikuwa nyeupe. Nilikaa pale juu ghalani nikaangalia karatasi tupu kama mtu anayesoma barua ya mapenzi. Mwezi wa mfungo ulikuwa karibu kwisha, na mpaka Idi karatasi haikushika doa tena.

Siku ya harusi nilipewa kazi ya kusimama mlango wa ua na ndoo ya mchanga. Akina mama walinicheka vya kutosha. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kujenga. Mwingine akasema mwacheni, huyo ni mkunga wa vitana. Sikubanduka. Chetezo kilitolewa, kikapita mbele yangu kikifuka, mwanamke aliyekibeba akakipeleka hadi kwenye njia kubwa, akarudi, akasimama mlangoni, akatangaza kwa sauti kwamba kimekwenda. Hapo tu ndipo Mwalimu alipoingia na kikapu.

Zena alitoka uani kwa muda mfupi, kwa kuonekana. Jua lilikuwa nyuma yake. Nami ambaye nilikipaka kile kitana samli, nikakifuta, nikakihesabia meno, sikuwa nimewahi kukiona na mwanga ukipita ndani yake. Kiliwaka. Kila tone la asali lilionekana, na yale madoa meusi yakawa mekundu kama chai nzito. Nafasi ya meno mawili yaliyoanguka hakuna aliyeiona. Vigelegele vikapasuka ua mzima, hata kwa wifi zake. Mama Rukia alimwachia avute pumzi chache tu, kisha akakichomoa kwa mkono wake mwenyewe, akamrudishia Mwalimu kabla hata pilau haijapakuliwa.

"Kirudisheni ghalani kwake," akasema.

Alasiri ile tulikuwa Adungosi. Mwalimu alipanda akakilaza kitana juu ya karatasi mpya, mimi nikakaa chini kwenye kivuli cha ghala, juu ya gunia laini la mavuno lililokuwa pale, nimechoka kwa furaha. Aliposhuka aliniuliza swali ambalo alikuwa amelitunza muda wote huo: kwa nini samli?

Nikamweleza kwa ufasaha wote wa ngumbaru. Nilianza na Ekisa na mapipa ya Malaba, nikaenda Budalang'i, nikamtolea ushahidi wa kuelea na wa kuyeyuka, nikamfafanulia tofauti ya dume, jike na ndama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Mabeseni yetu yanatokana na mafuta ya petroli," akasema. "Hapo Ekisa alikaribia. Lakini kitana hakina mafuta ya mnyama wala ya petroli. Ni pamba. Ililowekwa kwenye asidi, ikachanganywa na kafuri, ikafinyangwa."

Nilimuuliza pamba ya namna gani, maana nilidhani labda kuna nyingine ya Ulaya.

"Pamba hii hii, Wabwire. Umeikalia."